Chanjo, Dawa na Nauli: Tuchangie Nini Kwanza Dhidi ya Saratani ya Matiti?

Mada iliyotolewa na Kamati ya Afya katika mkutano mkuu na harambee ya mwaka



Kamati ya Afya tumepewa nafasi hii kabla ya harambee kuanza, na tunajua tukirefusha maneno chakula kitapoa. Kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye hoja.

Katika vikao vya matawi mwaka huu yameletwa mapendekezo mawili kuhusu Mfuko wa Afya. La kwanza linasema tutenge sehemu kubwa ya mfuko kwa ajili ya kumpeleka nje ya nchi ndugu yetu yeyote mwenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, akapate chanjo ya saratani pamoja na tibakemikali. La pili linasema fedha hizo zilipie nauli, vipimo na malazi ya akina mama wetu, ili wagundulike mapema na wamalize dawa zinazopatikana hapa hapa nchini.

Walioleta pendekezo la kwanza hawafanyi mzaha. Wengi wao wamezika. Wamesikia kwamba Marekani chanjo hiyo imejaribiwa, na wanauliza kwa nini watu wetu wasiipate. Swali hilo ni la haki. Mtu anayeuliza kwa uchungu hajibiwi kwa kuambiwa "haiwezekani", anajibiwa kwa kuonyeshwa. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze jinsi chanjo hiyo ilivyojaribiwa, kilichopatikana, na kwa nini kamati inaunga mkono pendekezo la pili. Uamuzi ni wa mkutano.

Chanjo ya aina gani?

Neno chanjo linatuchanganya. Sisi tukisikia chanjo tunamfikiria mtoto asiye na ugonjwa anayechanjwa surua ili asiugue. Zipo chanjo za namna hiyo zinazozuia saratani, na tunazo nchini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wachanga wanapewa kliniki, inakinga dhidi ya saratani ya ini. Chanjo ya HPV inakinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hizi zinafaulu kwa sababu kuna kirusi kinacholeta ugonjwa. Ukikizuia kirusi, umezuia saratani yake.

Saratani ya matiti haiko hivyo. Hatuna kirusi kinachojulikana cha kukifungia mlango. Ugonjwa unatokana na chembe za mwili wenyewe zilizoasi na kuanza kujigawa bila kusikia amri. Na kwa kuwa ni chembe za nyumbani, kinga ya mwili inazipita kama mlinzi anavyompita mtu wa ukoo uani bila kumuuliza anabeba nini.

Chanjo tunayoizungumzia leo ni ya tiba. Anapewa mtu ambaye tayari anaumwa, kwa lengo la kumfundisha yule mlinzi kwamba huyu wa ukoo amekuwa mwizi na alama zake ni hizi. Kwa hiyo, hata chanjo hii ingefaulu kabisa, binti asiye na ugonjwa asingechanjwa ili asipate saratani ya matiti. Kwa sasa hakuna chanjo ya kazi hiyo inayotolewa hospitalini popote duniani. Anayeiuza mtaani anauza maji.

Chanjo iliyojaribiwa katika utafiti tutakaousimulia inaitwa PANVAC, na wazee wetu wenye kovu la chanjo ya ndui begani wataielewa haraka kuliko vijana. Dozi yake ya kwanza imetengenezwa kwa kirusi cha vaksinia, jamaa wa kirusi cha ndui, kile kile kilichotumika kuchanja watu duniani kote hadi ndui ikatangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Wanasayansi walikipakia kirusi hicho maelekezo ya kutengeneza protini mbili ambazo chembe nyingi za saratani huwa nazo kwa wingi, zinazoitwa MUC-1 na CEA. Wakaongeza maelekezo ya protini nyingine tatu za kuziamsha chembe nyeupe za kinga. Mwili ukikutana na kirusi unashtuka, na katika kushtuka huko unaziona na zile alama za saratani.

Dozi zilizofuata zilitumia kirusi kingine, cha ndui ya kuku. Ndiyo, ile ile inayotoa vidonda kwenye vilemba vya kuku wetu nyumbani. Sababu ni kwamba mwili ukishakijua kirusi cha kwanza unakimaliza upesi kinaporudi, kabla hakijafikisha ujumbe. Kirusi cha ndui ya kuku hakiwezi kuzaliana ndani ya binadamu, na kinaweza kurudiwa mara nyingi.

Kwa nini pamoja na tibakemikali?

Tibakemikali ni dawa zinazoua chembe zinazojigawa haraka. Chembe za saratani hujigawa haraka, lakini za mizizi ya nywele pia, na zinazotengeneza damu pia. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, na ndiyo maana kabla ya kila dozi anapimwa damu kuona kama chembe nyeupe zimeshuka mno.

Kwa miaka mingi madaktari waliona kuchanganya chanjo na tibakemikali ni kama kuajiri mlinzi na papo hapo kumpa dawa ya usingizi. Chanjo inategemea chembe nyeupe, na dawa inazipunguza. Lakini uchunguzi wa maabara ulileta mawazo mengine. Chembe za saratani zinapouawa na dawa humwaga vitu vilivyokuwa vimefichwa ndani yake, na kinga inapata kuviona. Tena uvimbe ukipungua, kinga inabaki na adui mdogo zaidi wa kupambana naye. Na ndani ya kinga yenyewe kuna chembe ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wasipigane kupita kiasi, na baadhi ya dawa, kwa dozi ndogo, huwapunguza hao watulizaji.

Watafiti wa Johns Hopkins pale Baltimore walitoa mwaka 2009 matokeo ya utafiti wa wanawake 28 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliwapa chanjo ya aina nyingine, iliyotengenezwa kwa chembe za saratani zilizokuzwa maabara. Siku moja kabla ya chanjo mgonjwa alipewa dozi ndogo ya saiklofosfamidi, na wiki moja baada ya chanjo akapewa doksorubisini. Walichojifunza ni kwamba saiklofosfamidi kidogo ilisaidia mwili kuijibu chanjo, na ilipoongezwa zaidi ikaudhoofisha mwitikio huo huo. Dawa moja ilisaidia au iliharibu, kutegemea kipimo na siku.

Tunalitaja hilo kwa makusudi. Mtu akikwambia "unakunywa hii, halafu unaendelea na kemo yako kama kawaida", mkumbuke kwamba wataalamu wenye maabara walihitaji utafiti mzima kujua siku gani itangulie ipi.

Jaribio la Bethesda

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo habari zake ndizo zinazotajwa. Lilifanywa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland. Wanawake waliandikishwa kati ya Mei 2006 na Februari 2012, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wote walikuwa na saratani ya matiti iliyosambaa.

Walikuwa wanawake 48. Iliwachukua watafiti karibu miaka sita kuwapata hao 48. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, ili daktari asichague nani aingie wapi. Kama daktari angechagua, huenda angewaweka wenye nguvu upande wa chanjo bila hata kukusudia, na mwisho tusingejua kilichosaidia ni chanjo au ni nguvu zao. Wanawake 25 walipewa chanjo pamoja na dawa ya tibakemikali iitwayo dosetakseli. Wanawake 23 walipewa dosetakseli peke yake.

Kipimo kikuu kilikuwa muda ambao mgonjwa anakaa bila ugonjwa kuongezeka. Mkiwapanga wagonjwa wa kundi kuanzia aliyekaa muda mfupi hadi aliyekaa muda mrefu, yule wa katikati ndiye anayetajwa. Kwenye kundi la dawa peke yake, wa katikati alikaa miezi 3.9. Kwenye kundi la dawa na chanjo, alikaa miezi 7.9. Madhara ya ziada ya chanjo hayakuwa makali: ngozi kuuma na kuwa nyekundu mahali pa sindano, na kuvimba mwili kwa kiasi kidogo.

Miezi minne. Aliyewahi kumuuguza mama yake anajua miezi minne ni nini. Ni sikukuu moja zaidi. Ni binti kumaliza kidato cha nne mama yake akiwa bado yupo. Kwa hiyo hatutamcheka mtu aliyesikia habari hiyo akasema tuuze kiwanja twende.

Lakini tuwaeleze upande wa pili wa hesabu hiyo. Watu 48 ni wachache. Katika vikundi vidogo, wagonjwa watatu au wanne ambao ugonjwa wao kwa asili unakwenda polepole wakiangukia upande mmoja, wanaweza kuibadilisha picha yote. Watafiti walipiga hesabu: kama chanjo haifanyi kazi yoyote, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kiasi hicho mara 9 hivi katika kila 100. Hiyo ni nafasi kubwa mno kwa daktari kuanza kuwapa watu wote dawa. Wao wenyewe hawakutangaza ushindi. Walisema kuna dalili ya faida, na kwamba inahitaji jaribio kubwa zaidi kuithibitisha.

Kumbukeni pia kwamba kilichopimwa ni muda wa ugonjwa kutulia. Hakuna aliyesema chanjo iliponya.

Majaribio makubwa yalisema nini?

Ndugu zetu, dalili njema katika kundi dogo ni kama mawingu juu ya milima ya Shengena mwezi wa pili. Yanaweza kuwa mvua, na yanaweza kupita. Tuna mifano miwili ya mawingu yaliyopita.

Wa kwanza ni ndugu wa tumbo moja wa PANVAC, aitwaye PROSTVAC, aliyetengenezwa kwa virusi vile vile viwili kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Katika jaribio la wanaume 125, lililochapishwa mwaka 2010, mgonjwa wa katikati aliyepewa chanjo aliishi miezi 25.1, na wa kundi la kulinganishia miezi 16.6. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya miezi minane ya uhai. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kisha likaja jaribio kubwa la wanaume 1,297. Mwaka 2017 lilisimamishwa, kwa sababu hesabu ilionyesha kwamba hata likiendelea halitapata tofauti. Waliochanjwa na wasiochanjwa waliishi muda uliokaribia kuwa sawa.

Wa pili ni wa saratani ya matiti yenyewe. Chanjo iliyoitwa Theratope ilitengenezwa kwa alama ya sukari inayopatikana juu ya chembe za saratani, ikafungwa kwenye protini ya konokono mmoja wa baharini ili mwili uione vizuri. Ilijaribiwa kwa wanawake 1,028 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, ambao walikuwa wamemaliza duru ya kwanza ya tibakemikali na ugonjwa wao umetulia. Nusu walipewa chanjo kamili, nusu wakapewa ile protini ya konokono peke yake, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata ipi. Miili ya waliochanjwa iliitika kweli kweli, ikatengeneza kinga nyingi dhidi ya alama ile. Lakini waliochanjwa waliishi miezi 23.1 na wasiochanjwa miezi 22.3. Kwa hesabu ya majaribio, hapo hakuna tofauti.

Hapo kuna funzo zito. Mwili uliitika, lakini ugonjwa haukujali. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya maabara inayosema "kinga imepanda", mwulize swali moja: waliopata dawa hii waliishi muda mrefu kuliko wasiopata? Kama hana jibu la swali hilo, hana jibu.

Je, mlango umefungwa?

Haujafungwa. Wazo la kuiamsha kinga ya mwili sambamba na tibakemikali limezaa matunda kwa njia nyingine, ambayo si chanjo. Kuna dawa iitwayo pembrolizumabu, inayoondoa breki ambayo saratani huiwekea kinga. Ilijaribiwa pamoja na tibakemikali kwa wagonjwa 847 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, ya aina ile ngumu isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2. Kwa wale ambao uvimbe wao ulionyesha alama fulani kwa wingi, mgonjwa wa katikati aliishi miezi 23 badala ya 16. Wale ambao hawakuwa na alama hiyo kwa wingi hawakupata faida hiyo. Na hutajua mgonjwa yuko upande gani mpaka kipande cha uvimbe wake kimepimwa vizuri maabara. Tutarudi kwenye kipimo hicho.

Chanjo za tiba nazo zinaendelea kutafitiwa. Inawezekana watoto wetu watazipata. Lakini leo hakuna hospitali, ndani wala nje ya nchi, ambayo mtu anakwenda na fedha yake kununua chanjo ya saratani ya matiti iliyothibitishwa, kwa sababu iliyothibitishwa haipo. Kilichopo ni majaribio, na jaribio halali lina desturi zake. Linasimamiwa na kamati ya maadili. Hapa kwetu ni lazima lipitie Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa anaelezwa kwa lugha anayoielewa, anasaini kwa hiari yake, na anaweza kujitoa siku yoyote. Na kwa kawaida hauziwi dawa inayojaribiwa. Pale Bethesda, hospitali ya utafiti ya serikali haiwatozi fedha wagonjwa walio kwenye utafiti wake.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, mtu akikuletea habari ya chanjo na mkono wake mwingine umeushika mfuko wako, ondoka. Na kama daktari wa kweli akimpa ndugu yako nafasi katika jaribio la kweli, ije kwenye kamati. Tutamsaidia kusoma karatasi na kuuliza maswali kabla hajasaini.

Tuwaangalie wale wanawake 23

Sasa tunaomba mrudi nasi kwenye lile jaribio la wanawake 48, lakini safari hii tuliache kundi la chanjo. Tuwaangalie wale 23 waliopewa dosetakseli peke yake. Hao ndio waliokuwa kundi la kulinganishia, yaani waliopata "matibabu ya kawaida tu".

Ili mwanamke aingie hata katika kundi hilo la kawaida tu, ilibidi awe tayari amepita mahali pengi. Uvimbe wake ulikwisha kutolewa kipande na kupimwa, ikajulikana ni saratani. Alikwisha kupigwa picha kuona umefika wapi. Damu yake ilikuwa inapimwa. Dawa ilikuwepo siku ya dawa, na yeye alikuwepo siku ya dawa.

Hebu tujiulize kwa ukweli: akina mama wangapi wa kwetu wanafika hapo? Mama wa Mamba au wa Chome anapoona uvimbe usiouma, mara nyingi anausubiri uume ndipo aende. Unapoanza kuuma anakwenda zahanati, anapewa dawa ya jipu. Halipoi, anakwenda kwa mganga. Mwaka unapita. Anapofikishwa KCMC pale Moshi, au Ocean Road hapa Dar es Salaam, ngozi imeshapasuka na kwapani kuna mawe. Daktari anataka kipande kipelekwe maabara. Majibu yanachukua siku, mama anarudi mlimani kusubiri, nauli ya kurudi kuyachukua hakuna. Akianzishwa dawa, anatakiwa kurudi mara kwa mara, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Anakuja mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu ni msimu wa tangawizi, au mjukuu anaumwa, au fedha imekwisha. Dawa inakatika katikati, na saratani hurudi.

Mwanamke huyo hakukosa chanjo ya Bethesda. Alikosa kile walichopewa wale 23.

Na hilo linapimika. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 2023 shirika hilo liliziwekea nchi malengo matatu rahisi kukumbuka: sitini, sitini, themanini. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituo cha afya kwa mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 wamalize matibabu waliyopangiwa. Chanjo haimo hata katika lengo moja. Kwenye hatua ya kwanza na ya pili, saratani ya matiti inatibika na wengi wanapona. Inapokwisha kusambaa, hata dawa bora za dunia mara nyingi huhesabiwa kwa miezi, kama mlivyosikia.

Pendekezo la kamati

Sisi ni watu wa ndiva na mifereji. Wazee walitufundisha kwamba maji yakikosekana shambani, msaragambo hauanzii shambani. Unapanda juu kwenye ndiva, unazibua tope, kisha unashuka na mfereji hatua kwa hatua ukiziba panapovuja. Mfuko wetu nao uanzie juu. Tunapendekeza ugawanywe katika kazi nne.

Kwanza, siku za uchunguzi wa matiti katika kata zetu, zikiongozwa na wauguzi na waganga wa zahanati zetu, na matangazo yake yasomwe makanisani na misikitini. Kila mwanamke, na kila mume na kijana, azijue dalili: uvimbe mgumu usiouma, uvimbe kwapani, ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ghafla au kutoa damu. Wanaume nao hupata saratani hii, ingawa ni wachache sana, kwa hiyo baba asione aibu.

Pili, kulipia kipimo cha kinyama kwa kila atakayeonekana ana uvimbe wa kutilia shaka, ikiwa ni pamoja na kipimo cha vipokezi vya homoni na HER2. Bila kipimo hicho daktari anatibu gizani, na hata ile dawa mpya ya kinga tuliyoitaja haiwezi kutolewa. Mtu anayetamani chanjo za kesho, akubali kuanza na kinyama cha leo.

Tatu, nauli na malazi kwa kila mgonjwa mpaka dozi yake ya mwisho, pamoja na nauli ya mtu mmoja wa kumsindikiza. Wanachama wenye nyumba Moshi na Dar es Salaam tunaomba mjiandikishe kutoa chumba. Chumba kimoja karibu na hospitali kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko noti nyingi.

Nne, mwanachama mmoja katika kila tawi awe mfuatiliaji. Kazi yake ni simu. Anajua tarehe ya dozi ya mama fulani, anampigia siku tatu kabla, anamwuliza nauli imefika, na siku ya pili anamwuliza alifika. Majina ya wagonjwa yabaki ndani ya kamati, yasisomwe kwenye mikutano.

Kuhusu safari za nje, hatusemi zifutwe kabisa. Tunasema mfuko usilipie safari ya kufuata chanjo ambayo haijathibitishwa. Akitokea mgonjwa ambaye madaktari bingwa wa hapa nchini wameandika kwamba tiba anayohitaji, iliyothibitishwa, haipatikani hapa, kamati ilete jina lake kwenye halmashauri na tuamue pamoja.

Na mabinti wetu wa miaka 9 hadi 14 wasiikose ile chanjo ya HPV. Hiyo ndiyo chanjo ya saratani tuliyonayo leo, inafanya kazi, na inatolewa bure. Kabla hatujaitafuta iliyoko ng'ambo, tuimalize hii iliyo kwenye zahanati yetu.

Kwa walioleta pendekezo la kwanza tunasema hivi. Mmetulazimisha tusome na tuulize, na tunawashukuru. Mlichokuwa mnakidai ni kwamba mama wa Upare apewe kile kile anachopewa mama wa Maryland. Tunakubaliana nanyi kabisa. Tunasema tu tuanze na kile kilichothibitishwa na ambacho bado hajakipata.

Kadi za ahadi ziko mezani mbele yenu, na za rangi ya kijani ni za Mfuko wa Afya. Andikeni kiasi, na wenye nafasi ya chumba andikeni "chumba". Vijana wetu watapita kuzikusanya, na Mhazini atasoma jumla kabla hatujaondoka.